Nina laki nne na nusu na Dell ya mtumba: nianze wapi ili icheze gemu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Morogoro. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 9020, lile kasha kubwa la kusimama. Ina Core i5-4570, RAM moja ya GB 4, diski ya kawaida ya GB 500 na Windows 10. Monita ni ya inchi 19 na inatumia waya wa VGA. GTA V inafunguka lakini inakwamakwama mpaka kero, na FC 25, ile gemu ya mpira, ndiyo haitaki kabisa. Nimekusanya shilingi 450,000. Fundi amenishauri nianze kwa kubadili prosesa niweke i7. Je, ni sahihi? Kama siyo, nianze na nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo i7 iache kwanza. Fundi wako hajasema uongo, maana i7-4770 inaingia kwenye soketi ileile ya LGA 1150 na ina uwezo kuliko i5 yako. Lakini prosesa siyo inayokukwamisha. Mashine yako haina kadi ya grafiki kabisa. Picha zote unazoziona zinachorwa na Intel HD 4600, kisehemu kidogo kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, ambacho hakina kumbukumbu yake na kinamega hizo GB 4 zako za RAM. Sasa i7-4770 nayo inakuja na HD 4600 hiyohiyo. Utalipa, utafunga, utawasha GTA V, na itakwama vilevile.

Usiniamini kwa maneno tu. Washa gemu, ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Tazama safu ya kumbukumbu na safu ya diski. Kwa mashine yenye GB 4 utakuta kumbukumbu imejaa karibu yote, na diski iko asilimia 100 muda wote kwa sababu Windows inahamishia kwenye diski kile kilichokosa nafasi kwenye RAM. Prosesa kuwa kwenye asilimia 60 au 70 wakati gemu inaganda ni dalili kwamba inasubiri wengine.

Kabla sijakutajia kifaa chochote, kuna mambo mawili yatakayoamua kila shilingi yako. La kwanza ni wati. Watu wengi huanza kwa jina la kadi waliyoiona YouTube, wanainunua, kisha ndipo wanagundua haina pa kuchomekwa umeme. Kwenye kompyuta za ofisini kama yako, pawasaplai ndiyo inayochagua kadi. La pili ni kile utakachohama nacho. OptiPlex 9020 ni mashine ya mwaka 2013, na siku moja utaiacha. Pesa nyingi iende kwenye vitu utakavyovichomoa na kuvifunga kwenye mashine ijayo, na ile kidogo iende kwenye vitu vitakavyobaki humu. i7 itabaki humu, na RAM yako ya aina ya zamani, DDR3, pia. Kadi ya grafiki na SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, utaondoka navyo.

Fungua ubavu wa kasha. Zima kabisa kwanza, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Juu upande wa nyuma utaliona boksi la chuma lenye kibandiko, hiyo ndiyo pawasaplai. Kwa kasha lako la kusimama kibandiko kitasoma 290W. Kikisoma 255W basi ulichonacho ni kasha dogo, na mambo yanabadilika, nitayagusa baadaye kidogo. Fuata nyaya zinazotoka kwenye boksi hilo uone zinakoishia: madabodi, diski, DVD. Hutapata waya hata mmoja wenye plagi ya pini 6 au 8 kwa ajili ya kadi ya grafiki. Dell hawakuuweka, kwa sababu mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Excel.

Sasa tupige hesabu. Prosesa yako imepangiwa wati 84. Madabodi, RAM, diski na feni tuzipe 50 kwa ukarimu. Hapo ni 134. Tundu refu la PCIe la kwenye madabodi lina uwezo wa kuipa kadi hadi wati 75 bila waya wowote wa nje. Jumla 209, na pawasaplai ni ya 290. Inatosha na nafasi inabaki. Ukisogea kwenye GTX 1660 Super, ambayo ni wati 125 na inadai plagi ya pini 8, hesabu inakaribia ukingoni, na hiyo plagi huna. RX 580 yenye wati 185 ndiyo usiiwaze kabisa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Hapa ndipo utakapokutana na mtu wa kukuambia “kuna adapta, tunachukua umeme kwenye waya wa diski”. Kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepimwa kubeba ampea 1.5. Zote kwa pamoja ni ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 6 ya kadi imeruhusiwa kuvuta 75, ya pini 8 inavuta 150. Ukiunganisha hivyo, unalazimisha waya mwembamba ubebe mzigo usio wake. Nimezishika plagi za namna hiyo zikiwa zimeyeyuka: plastiki nyeusi imevimba upande mmoja, pini zimebadilika rangi ya kahawia, na harufu yake haitoki kwenye kasha kwa wiki nzima. Gemu haina thamani ya kuunguza chumba cha hosteli.

“Basi nibadilishe pawasaplai.” Inawezekana, ila 9020 haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi, inatumia ya Dell yenye pini 8. Itabidi ununue pawasaplai pamoja na kiunganishi cha kutoka 24 kwenda 8, na pawasaplai nzuri siyo yale maboksi mepesi yaliyoandikwa 500W ambayo ukiyanyanyua unahisi hayana kitu ndani. Kwa bajeti yako, fedha hiyo itaumiza kadi. Baki na pawasaplai ya Dell. Ni imara kuliko inavyosifiwa.

Kwa hiyo tunatafuta kadi ya wati 75 au chini yake, isiyo na tundu la umeme wa ziada. Zipo chache, na mbili ndizo za kuzifikiria.

GTX 1650 iliyotoka 2019 ndiyo chaguo langu la kwanza. Ina GB 4, na ingawa kuna matoleo yenye tundu la pini 6, mengi hayana. Geuza kadi utazame ukingo wake wa juu upande wa nyuma, ukiona tundu la pini, irudishe. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 nayo ina GB 4 na ni rahisi kuipata kwenye maduka ya mtumba. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo jibu langu kwa kila mtu mwenye Dell ya ofisini. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia Oktoba 2025 NVIDIA waliacha kutengenezea kizazi hicho draiva mpya za gemu (programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi), na sasa kinapata marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ni ya kizazi kinachofuata, bado inahudumiwa. Tofauti ya bei ikiwa elfu arobaini au hamsini, lipia 1650. Ikiwa laki, chukua 1050 Ti ucheze kwa amani, maana GTA V na FC 25 hazisubiri draiva za kesho.

Utaonyeshwa pia RX 6400. Siyo mbaya na inakula wati 53 tu, lakini inawasiliana na madabodi kwa njia nne tu za PCIe, ikitegemea kasi ya kizazi cha nne. Madabodi yako ni ya kizazi cha tatu, hivyo sehemu ya nguvu yake inapotea njiani. Ukiwa na ndoto ya kurekodi gemu zako, ijue pia kwamba haina kisehemu cha kurekodia video.

GT 730 usichukue hata kama ina GB 4 kwenye boksi, ile ni ya kuonyesha dirisha la Windows tu. GT 1030 iko ya aina mbili zenye jina lilelile: yenye GDDR5 inasafirisha data GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 inasafirisha 16.8. Boksi linafanana na muuzaji mara nyingi hajui tofauti.

Ugonjwa mkubwa zaidi ni kadi feki, na hapa nakuomba uwe makini kweli. Kuna kadi za zamani sana, za kizazi cha GTS 450, ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti. Zinawaka, zinaonyesha jina zuri, halafu gemu ikianza zinaganda au skrini inakuwa nyeusi. Dalili ya kwanza ni ya macho: GTX 1050 Ti na GTX 1650 hutoka na HDMI, DisplayPort na mara nyingine DVI, hazina tundu la VGA. Ukiona kadi ina jina hilo na tundu la bluu la VGA ubavuni, shtuka papo hapo. Dalili ya pili ni ya programu. Weka GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, kwenye flashi kabla hujaondoka nyumbani. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018, inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya NVIDIA iliyoghushiwa. Isiposema hivyo, bado tazama idadi ya viini vya kuchorea: 1050 Ti ina 768, GTX 1650 ina 896, na GTX 1050 ya kawaida, ambayo huuzwa kama Ti kwa wasiojua, ina 640. Ukikuta 192, rudisha kadi na uondoke.

Ndiyo maana napenda uende mwenyewe badala ya kutumiwa kwa basi. Tangu treni ya SGR ianze 2024, kutoka Morogoro unafika Dar, unazunguka Kariakoo na maduka ya Posta, na jioni uko nyumbani. Mwombe muuzaji aifunge kadi kwenye mashine yake, iendeshe gemu yoyote au FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mzito) kwa dakika ishirini au thelathini mbele yako. Tazama kama kuna vidoa vya rangi, mistari, au feni inayokwaruza. Muuzaji anayekataa kuwasha kadi ya laki mbili na kitu huna sababu ya kumpa pesa. Dai risiti iliyoandikwa namba ya kadi na siku za dhamana, hata kama ni wiki moja.

Twende kwenye RAM. Kwa kuwa DDR3 haitahama nawe, tusimwage pesa hapa, ila GB 4 haiwezekani. FC 25 inadai GB 8 kama kiwango cha chini. Ushauri wangu ni ununue RAM moja ya GB 8 uichanganye na hiyo 4 uliyonayo. Madabodi za Intel zinakubali mchanganyiko huo: GB 4 za kwanza kutoka kila upande zinafanya kazi kwa pamoja kama jozi, zile 4 zinazobaki zinafanya kazi peke yake. Unapata 12, na kwa gemu ulizotaja zinatosha. Kwenye madabodi yako kuna nafasi nne, mbili zina vishikio vyeupe na mbili vyeusi. Jaza vyeupe kwanza. Sukuma pande zote mbili hadi usikie vishikio vimejifunga vyenyewe.

Sema dukani unataka DDR3 ya kompyuta ya mezani, PC3-12800, ya kawaida isiyo ya seva. RAM za seva ni rahisi mno mtaani na zinachomekeka vizuri kabisa, lakini mashine yako haitawaka nazo. Kuna pia zile za GB 8 za bei ya chini zinazofanya kazi kwenye madabodi za AMD pekee. PC3L, ile ya volti 1.35, haina shida.

SSD ni ya kupita haraka. Haiongezi idadi ya fremu kwa sekunde. Inafanya Windows iwake upesi, GTA V ifunguke bila wewe kwenda kupika chai, na barabara zisichelewe kujichora unapoendesha gari kwa kasi. Chukua ya SATA ya inchi 2.5, GB 240, ambayo Windows itaionyesha kama 223. Humo inaingia Windows na gemu moja kubwa, maana FC 25 peke yake inadai nafasi ya GB 100. Diski yako ya 500 ibaki ndani kwa ajili ya muziki, masomo na gemu zinazosubiri zamu.

Kwa laki nne na nusu yako, hivi ndivyo ningeipanga. Bei za mtumba zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukulia hizi kama kikomo cha kutovuka. Kadi isizidi 280,000. SSD isizidi 70,000. RAM isizidi 45,000. Tenga 25,000 ya kibadilishi cha monita na dawa ya kupoozea prosesa. Inabaki 30,000 ya nauli na dharura, usiiguse. Kadi nzuri ikipatikana kwa bei ya juu kidogo, acha SSD isubiri mwezi ujao. RAM usiiahirishe, kwa sababu kadi mpya juu ya GB 4 itaganda kama mwanzo na utaniona mwongo.

Hicho kibadilishi cha monita usikisahau, maana wengi hukumbuka wakiwa wamesharudi nyumbani. Kadi yako mpya haitakuwa na VGA na monita yako ina VGA tu. Nunua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye kisanduku kidogo cha umeme ndani, siyo waya mtupu wenye plagi mbili tofauti. Na ukishafunga kadi, chomeka monita kwenye kadi, yale matundu ya chini yaliyolala, usiurudishe waya kwenye tundu la zamani. Kila mwaka watu wanaleta kwa fundi mashine nzima na kadi isiyo na kosa lolote, kumbe waya uko kwenye tundu la madabodi.

Usiionee aibu monita hiyo ya inchi 19, inakusaidia. Nyingi za umri huo ni 1440 kwa 900, yaani nukta milioni 1.3 za kuchora kila fremu, wakati monita ya 1080 ina nukta milioni 2. Kadi ya wati 75 kwenye skrini yako inapumua.

Siku ya kufunga, safisha. Mashine za mtumba huja na vumbi la miaka kati ya feni na chuma cha kupoozea, limegandamana kama blanketi. Toa feni, piga brashi laini, futa ile dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Prosesa yako ikigusa nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe utaona gemu imeanza kukwama baada ya dakika kumi ukadhani kadi ni mbovu.

Kama kuna msomaji mwingine mwenye 9020 ya kasha dogo, lile la wati 255: hesabu ya wati bado inakubali, ila kadi lazima iwe fupi ya nusu kimo, na tundu lake refu liko karibu sana na pawasaplai hivyo kadi nene ya nafasi mbili haikai. Pima kwa rula kabla ya kulipa. Kadi fupi na nyembamba zinapatikana kwa shida na bei yake iko juu, na hapo mara nyingi ni nafuu kubadilishana kasha zima.

Sasa mipaka, uijue mapema. FC 25 inataja GTX 1050 Ti na Core i5-6600K kama kiwango cha chini. Kadi utakuwa umeifikia, prosesa yako iko nyuma ya hiyo kwa vizazi viwili, kwa hiyo tegemea kucheza kwa mipangilio ya chini. FC 26 isahau kwenye mashine hii: inadai TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vipengele vya usalama vya kompyuta, na 9020 ina TPM ya 1.2. Windows 10 nayo iliisha muda wake wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. Mashine hiyo usiifanye ya kuingilia benki.

Ikiwa FC 26 mtandaoni na washkaji ndiyo hasa unayoitaka moyoni, basi uza hiyo 9020 kama ilivyo, ongezea sehemu ya akiba yako, utafute OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500. Hiyo ina viini sita badala ya vinne, RAM ya DDR4, TPM 2.0 na Windows 11 bila ujanja. Kadi itasubiri. Na hata ukiamua kubaki na 9020 leo, GTX 1650 yako isiyo na waya itahamia huko siku utakayopata mashine, mradi iwe ya kasha la kusimama.

Kuhusu umeme, tafuta UPS ya 650VA ukipata nafasi, hata ya mtumba yenye betri mpya. Matumizi si ya kutisha: wati 200 kwa saa tatu ni uniti 0.6 za LUKU. Kinachoua diski ni umeme kukatika ghafla wakati gemu inahifadhi.

Ukishawasha GTA V kwa mara ya kwanza na kadi mpya, zima MSAA (ule mpangilio wa kulainisha kingo za picha) kabisa, shusha ubora wa nyasi hadi wa chini, punguza msongamano wa watu na magari hadi nusu maana huo unaikalia prosesa, kisha pandisha ubora wa sura za vitu mpaka ule mstari wa kumbukumbu juu ya menyu ukaribie GB 4 bila kuzivuka. Fungua tena Task Manager ukiwa unacheza. Grafiki ikiwa karibu asilimia 100 na prosesa ikiwa chini ya hapo, umefunga kila kitu sawasawa. Ikiwa ni kinyume chake, niandikie namba ulizoziona na draiva uliyoweka, tuitazame pamoja.